Christopher Palles: jaji wa Ireland aliyeamini kwamba hofu nayo inaumiza mwili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Kwenye somo la sheria ya madhara, tulipofika kwenye fidia ya mshtuko, mhadhiri alimtaja jaji wa Ireland aitwaye Palles, akasema ndiye aliyewafungulia mlango watu wanaoumia kwa hofu bila kuguswa na kitu. Mwenzangu anasisitiza kuwa Palles alikuwa Mkatoliki mwanaharakati aliyetaka Ireland ijitenge na Uingereza, na kwamba ndiyo sababu alizikaidi mahakama za London. Kwa Kiswahili sijapata maelezo yoyote. Alikuwa nani hasa, na alifikaje pale alipofika?

JIBU: Marahaba. Mwenzako kapatia nusu. Mkatoliki, ndiyo, tena wa kuishika dini yake kwelikweli. Mwanaharakati, hapana. Christopher Palles aliteuliwa na serikali ya Uingereza, aliapa kwa Malkia Victoria, na alikaa kitini miaka 42 bila hata mara moja kugeuza mahakama kuwa jukwaa la siasa. Wazalendo wengi wa Ireland walimhesabu kuwa mtu wa Dublin Castle, yaani mtu wa serikali. Hata hivyo serikali ileile ilikuja kugundua kwamba haikuwa imejipatia mtumishi. Kukupa orodha ya tarehe hakutakusaidia kumwelewa, kwa hiyo nitapita haraka kwenye maisha yake na kukaa zaidi kwenye mashauri.

Alizaliwa Dublin siku ya Krismasi ya mwaka 1831. Ukoo wake ulikuwa wa Kikatoliki, wenye asili ya jimbo la Cavan, na baba yake alikuwa wakili wa ofisini, yule anayeandaa nyaraka na kumkabidhi kesi wakili wa kusimama mbele ya jaji. Hesabu vizuri miaka hiyo. Ni 1829 tu ndipo Wakatoliki waliporuhusiwa kuingia Bungeni na kupanda kwenye vyeo vya juu vya serikali, baada ya kampeni ya Daniel O'Connell. Jaji wa kwanza Mkatoliki wa zama hizo, Michael O'Loghlen, aliteuliwa mwaka 1836, Palles akiwa mtoto wa miaka minne. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika kizazi cha kwanza cha Wakatoliki wa Ireland ambao wangeweza kuiota kazi ya ujaji bila kuchekwa.

Alisoma Clongowes Wood, shule ya Wajesuiti huko Kildare, kisha akaenda Trinity College, Dublin. Hapo palikuwa na ubaguzi wa aina yake. Mkatoliki aliruhusiwa kusoma Trinity na kupewa digrii tangu mwaka 1793, lakini nafasi za heshima, pamoja na kubaki chuoni kama mwalimu, zilikuwa za Waanglikana mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1873. Palles alifaulu sana hisabati na kuhitimu mwaka 1852. Angekuwa wa dhehebu jingine, huenda leo angetajwa kwenye historia ya hisabati na wewe usingekuwa na swali la kuniuliza. Mlango huo ulikuwa umefungwa, akaingia kwenye sheria. Alikubaliwa kuwa wakili mwaka 1853, akapewa hadhi ya wakili wa Malkia mwaka 1865. Katikati ya hapo, mwaka 1862, alimwoa Ellen Doyle.

Hisabati haikumtoka. Ukisoma hukumu zake utaona anavyopanga hoja hatua kwa hatua, haruki hata moja, na kila hatua anaionyesha inashikiliwa na nini. Zinachosha, nakuonya mapema. Ni ndefu, na mara nyingi anarudi nyuma karne mbili au tatu kutafuta kanuni ilipoanzia. Ila ukishafika mwisho ni vigumu kuona pa kupenya kumpinga.

Sasa njoo kwenye mwaka 1872, kwa sababu ndio unaomjibu mwenzako.

Mwezi Februari mwaka huo Palles aliteuliwa Wakili Mkuu wa Serikali kwa Ireland katika serikali ya Waziri Mkuu Gladstone wa chama cha Liberal. Mwezi huohuo ukafanyika uchaguzi mdogo wa ubunge jimbo la Galway. Kapteni John Philip Nolan, aliyetaka Ireland ijitawale yenyewe mambo yake ya ndani, alimshinda mgombea wa Conservative, Kapteni William Le Poer Trench, kwa tofauti ya kura zaidi ya 2,000. Wakatoliki wa Galway, wakiongozwa na mapadri wao, walikuwa wamempigia Nolan kwa wingi. Kura bado zilikuwa za wazi, mtu anatamka jina la mgombea mbele za watu. Trench akafungua kesi ya kupinga matokeo.

Kesi ilisikilizwa na Jaji William Keogh, naye Mkatoliki. Keogh alitoa hukumu iliyochukua saa nyingi kuisoma, akiwashutumu maaskofu na mapadri kwa kuwatisha wapiga kura, na kwa maneno makali ambayo jaji hana haja nayo. Akamvua Nolan ubunge, kiti kikaishia kwa Trench, na Keogh akapeleka orodha ya majina ya viongozi wa dini waliotajwa kuhusika. Ireland ikawaka. Sanamu za Keogh zilichomwa moto mitaani.

Nani sasa wa kuwashitaki hao mapadri? Wanasheria wa serikali. Mwezi Novemba 1872 Palles akapanda kuwa Mwanasheria Mkuu wa Ireland, na jalada likawa mezani kwake. Mkatoliki, mtoto wa Wajesuiti, anatakiwa kumpeleka kizimbani Askofu Patrick Duggan wa Clonfert kwa kosa la kuingilia uchaguzi. Angeweza kutafuta udhuru. Hakutafuta. Sheria ya uchaguzi ilisema hivyo, ripoti ya jaji ilikuwepo, basi kesi ikaendelea. Mwanzoni mwa mwaka 1873 askofu alishitakiwa Dublin na akaachiwa huru, na mashitaka dhidi ya mapadri nayo hayakufika popote.

Gharama yake Palles alikuwa ameshaanza kuilipa. Mwezi huohuo wa Novemba 1872 aligombea ubunge wa mji wa Londonderry, kiti kilichoachwa wazi na Richard Dowse, Mwanasheria Mkuu aliyemtangulia, ambaye alikuwa ameteuliwa jaji. Waprotestanti wa Conservative walikuwa na mtu wao. Mgombea wa kujitawala, Joseph Biggar, alikuwepo pia kuwakumbusha wapiga kura kwamba huyu Palles ndiye wa serikali inayowashitaki mapadri. Palles akashindwa. Hakuwahi kuwa mbunge maishani mwake, na hilo lilikuwa jambo la nadra kwa mtu wa ngazi yake, kwa sababu enzi hizo njia ya kawaida ya kwenda ujaji ilipitia Bungeni.

Mimi naona lile pigo lilimfaa. Mwanasiasa wa kawaida angejifunza kutoka Londonderry kwamba ukifuata sheria bila kuangalia nani anaumia, unabaki huna upande. Palles alibaki bila upande, na kwa jaji hiyo ni akiba nzuri.

Mwezi Desemba 1873 alifariki David Pigot, mkuu wa Mahakama ya Exchequer ya Dublin. Gladstone akavunja Bunge mwezi uliofuata, akashindwa uchaguzi, na mnamo Februari 1874, serikali ikiwa inafungasha virago, Palles akateuliwa kujaza nafasi ya Pigot. Alikuwa na miaka 42. Cheo kiliitwa Lord Chief Baron, lakini usidanganyike ukadhani alipewa ulodi. Lilikuwa jina la kazi tu. Exchequer ilianza karne za nyuma kama mahakama ya mapato ya mfalme, na kufikia wakati wa Palles ilikuwa inasikiliza kesi za madai za kila aina. Mmoja wa majaji waliokaa chini yake alikuwa yuleyule Dowse, mtu mcheshi aliyejulikana kwa mzaha wake mahakamani. Picha ya wawili hao kwenye benchi moja hunifurahisha kila nikiifikiria: mmoja anachekesha watu, mwenzake anachimba sheria ya karne ya 16.

Tufike kwenye somo lako.

Limerick Junction ni stesheni ya reli katika jimbo la Tipperary, licha ya jina lake. Palikuwa na ofisi ya simu za maandishi, kijumba kidogo kilichojengwa mwisho wa njia ya pembeni ya reli. Msimamizi wake, Bwana Byrne, alikuwa ndani akifanya kazi zake. Mtu wa reli alisahau kurudisha swichi ya njia mahali pake, treni ikaingia kwenye njia ya pembeni, ikavunja kizuizi cha mwisho na kubomoa ukuta wa ofisi. Byrne hakuguswa na tofali wala chuma. Alisikia kishindo, akaona ukuta unamjia, na tangu hapo afya yake ikaharibika. Hakuna jeraha hata moja la kumwonyesha daktari. Juri, yaani raia wa kawaida walioketi kuamua ukweli wa kesi, ilimpa fidia ya pauni 325 dhidi ya kampuni ya reli ya Great Southern and Western, na mwaka 1884 Mahakama ya Rufani ya Ireland ikakubali fidia hiyo isimame.

Hukumu hiyo haikuchapishwa kwenye ripoti za sheria. Ilikaa tu kwenye kumbukumbu za waliokuwepo.

Miaka minne baadaye, 1888, likatokea jambo London. Kule Victoria, Australia, mke na mume waliokuwa kwenye gari la farasi walifika kwenye kivuko cha reli, mlinzi wa geti akawafungulia huku treni inakuja. Waliponea chupuchupu, treni ikapita nyuma yao. Mke, Bibi Coultas, alizimia na akaugua vibaya baadaye. Mahakama za Victoria zilimpa fidia. Rufaa ikaenda Privy Council ya London, ileile ambayo rufaa za makoloni zilikuwa zinaishia, na baadaye zetu za Afrika Mashariki pia. Privy Council ikafuta fidia. Ilisema ugonjwa unaotokana na hofu ya ghafla, bila mwili kuguswa, si matokeo ya kawaida ya uzembe wa mlinzi wa geti, uko mbali mno. Ikaongeza wasiwasi ambao utausikia mpaka leo mahakamani: tukifungua mlango huu, watakuja watu na madai ya kubuni.

Mwaka 1890 shauri la Bell dhidi ya kampuni ya reli ya Great Northern likafika mbele ya Palles na wenzake. Bibi Bell alikuwa abiria kwenye treni ya matembezi. Treni ilikuwa inapanda mlima, sehemu ya mabehewa ikaachanishwa na injini, na behewa alilokuwemo likaanza kurudi nyuma kwenye mteremko kwa kasi kabla ya kusimama kwa kishindo. Msomaji wa maelezo hayo hawezi kuacha kukumbuka Armagh, ambako tarehe 12 Juni 1889 mabehewa ya kampuni hiyohiyo, yakiwa yamejaa watoto wa shule ya Jumapili wanaokwenda kutembea Warrenpoint, yalirudi nyuma mlimani na kugonga treni iliyokuwa inafuata. Watu wapatao 80 walikufa. Kwa watu wa Ireland wa mwaka 1890, hofu ya abiria ndani ya behewa linalorudi nyuma haikuwa jambo la kufikirika.

Bibi Bell alidai kwamba hofu ile ilimharibia afya. Jaji aliyeendesha kesi aliwaeleza juri hivi, kwa ufupi: kama uzembe wa kampuni ulimweka mama huyu mahali ambapo mtu wa kawaida angeshikwa na hofu kubwa, na kama kweli alishikwa, na kama madhara ya afya ni matokeo ya kawaida ya hofu kama ile, basi fidia yake haiko mbali mno kisheria. Kampuni ikaja Exchequer ikisema maelekezo hayo ni makosa, Privy Council imeshaamua.

Hapo ndipo hisabati ya Palles inapoonekana. Hatua yake ya kwanza ni ya utaratibu tu: ni uamuzi wa nani unaotufunga? Rufaa za Ireland haziendi Privy Council, zinaishia House of Lords, baraza la Bunge la London lililokuwa pia na kazi ya mahakama. Coultas, yaani ule uamuzi wa Privy Council, inastahili heshima, lakini haitufungi. Kinachotufunga ni Mahakama yetu ya Rufani, nayo imeshasema katika shauri la Byrne. Akalieleza shauri la Byrne ndani ya hukumu yake, ukuta, treni, pauni 325 na yote, na ni kwa njia hiyo kizazi kilichofuata kililijua. Mtu anayesema Palles "aliikaidi London" asome hapo. Alikuwa anatii, ila anamtii yule ambaye sheria ilimtaka amtii.

Angeweza kuishia hapo. Akaendelea, akaichambua Coultas yenyewe. Privy Council, alionyesha, ilijenga hoja juu ya dhana ambayo haijathibitishwa: kwamba kama mwili haukugongwa, basi kilichoumia ni akili tu. Lakini neva ni sehemu ya mwili. Mshtuko unaovuruga kazi ya neva ni dhara la mwili, sawa na mfupa uliovunjika, ingawa huwezi kuuona. Sasa kama uzembe ulileta hofu, na hofu ikaleta dhara la mwili, ni kiungo gani cha mnyororo kimekatika? Hata kama ugonjwa umejitokeza baada ya muda kupita, swali linabaki lilelile: je, hofu ndiyo iliyouleta? Hilo ni suala la ushahidi, na wa kulijibu ni juri. Na kuhusu watu watakaokuja na madai ya uongo, dawa yake ni kupima ushahidi wao. Huwezi kumfungia mlango aliyeumia kweli kwa kumwogopa mwongo ambaye hajafika.

Kampuni ikashindwa.

Uingereza yenyewe ilichukua muda kidogo. Mwaka 1901 likaja shauri la Dulieu dhidi ya White. Mama mjamzito alikuwa nyuma ya kaunta ya baa London, gari la farasi likaendeshwa kizembe mpaka ndani ya baa. Hakuguswa, lakini alishtuka, akaugua na kujifungua kabla ya wakati. Jaji Kennedy alikuwa na njia mbili mbele yake, akaiacha ile ya Privy Council, akafuata ya Ireland. Kuanzia hapo Coultas ilianza kufa taratibu katika sheria ya Kiingereza. Na unajua tarehe ambayo sheria ya Kiingereza iliyojengwa na majaji ilipokewa rasmi Tanganyika: 22 Julai 1920. Kwa hiyo iliyotua Dar es Salaam ilikuwa imeshapita mikononi mwa Kennedy, na kabla ya Kennedy mikononi mwa Palles. Ndiyo maana mhadhiri wako alimtaja.

Turudi kwa mwenzako na uanaharakati. Miaka ya 1880 Ireland ilikuwa kwenye vita vya ardhi kati ya wapangaji na wenye mashamba. Mwaka 1887 Arthur Balfour, waziri wa mambo ya Ireland, alipitisha sheria kali ya jinai iliyowapa mahakimu wakazi (cheo ambacho Ireland ilikuwa nacho muda mrefu kabla yetu) uwezo wa kuwahukumu watu kwa kula njama bila juri. Huko Killeagh, jimbo la Cork, wafanyabiashara walifungwa kwa madai kwamba walipatana kutowauzia polisi bidhaa. Mwaka 1888 suala lao lilifika Exchequer. Palles na wenzake waliangalia ushahidi uliowatia hatiani, wakaona hapakuwa na ushahidi wa njama, wakawaachia. Wabunge wa upinzani walilitumia jambo hilo Bungeni kumsulubu Balfour.

Usilisome hilo kama ishara kwamba moyo wake ulikuwa na wapangaji. Mwenye shamba aliyekuja na haki yake kisheria aliipata kwa Palles vilevile. Jaji aliyeruhusu askofu wake ashitakiwe mwaka 1873 na aliyewafungua wauza duka wa Killeagh mwaka 1888 ni mtu mmoja, na alikuwa anafanya kazi ileile.

Kuna shauri jingine ambalo wanafunzi hulisahau, nami nalipenda kuliko hata Bell. Linahusu misa za kuwaombea marehemu.

Mkatoliki anaandika wosia, anaacha fedha ili mapadri wasome misa kwa ajili ya roho za ndugu zake. Kisheria, hiyo ni zawadi ya hisani au si ya hisani? Swali lina uzito wa fedha. Mali iliyowekwa kwa hisani inaweza kudumu milele na hupata nafuu za kodi. Iliyowekwa kwa lengo lingine la kudumu huweza kuanguka kabisa. Na ili kitu kiwe cha hisani lazima kiunufaishe umma. Katikati ya miaka ya 1870, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Delaney, Palles, akiwa bado mgeni kitini, alisema hapana: kama wosia hausemi misa zisomwe hadharani, hakuna manufaa kwa umma ambayo mahakama inaweza kuyaona. Fikiria jinsi lilivyopokelewa. Mkatoliki anawaambia Wakatoliki wenzake kwamba misa zao, kwa macho ya sheria, ni jambo la faragha.

Zikapita takriban miaka 30. Mwaka 1906, katika shauri la O'Hanlon dhidi ya Logue, suala likarudi mbele ya Mahakama ya Rufani, safari hii mdaiwa akiwa Kardinali Michael Logue, Askofu Mkuu wa Armagh. Palles alikuwa na miaka 74. Akaandika hukumu ndefu, akaupitia msimamo wake wa zamani kwa makini yaleyale ambayo angempitia nayo jaji mwingine, akauacha. Hoja yake ilikwenda hivi. Mahakama haiwezi kuamua kama misa ina nguvu mbele ya Mungu. Hilo si kazi yake. Lakini Ireland haikuwahi kuwa na ile sheria ya mwaka 1547 ya Uingereza iliyovunja wakfu za kuwaombea wafu, na dini ya Kikatoliki si haramu tena. Basi jaji akitaka kujua misa ina manufaa gani, aangalie mafundisho ya wale wanaoiamini, bila kuyahukumu. Na mafundisho hayo yanasema kila misa, hata isomwe na padri peke yake kwenye kikanisa kisicho na mtu, inawafaa waumini wote, walio hai na waliokufa. Kwa hiyo ni hisani, iwe hadharani au faraghani.

Wapo wanaosema uzee ulimrudisha kwenye dini yake. Mimi siafiki. Mtu anayetaka kuifurahisha dini yake haanzi na sheria ya mwaka 1547. Wewe isome hukumu yenyewe uone kama kuna sentensi moja ambayo jaji asiye Mkatoliki asingeweza kuiandika.

Nje ya mahakama alifanya kazi nyingi za tume, nami nitaitaja moja tu. Mwaka 1898 aliwekwa kuongoza tume ya elimu ya sekondari ya Ireland. Shule zilikuwa zinalipwa na serikali kwa kadiri wanafunzi wao walivyofaulu mitihani, na matokeo yake utayakisia mwenyewe: walimu wakafundisha mtihani, wakaacha somo. Tume ilipendekeza mtindo huo ulegezwe na shule ziwe zinakaguliwa. Baada ya mwaka 1908 alishughulika pia na uandishi wa kanuni za Chuo Kikuu kipya cha Taifa cha Ireland, ambacho Mkatoliki angeweza kusoma na kufundisha bila kukutana na milango aliyokutana nayo yeye Trinity.

Mahakama yake ilimfia mikononi. Mwaka 1878 Exchequer ilikuwa imefanywa kitengo cha Mahakama Kuu mpya, na sheria ya mwaka 1897 ikaimeza kabisa ndani ya kitengo kingine cha Mahakama Kuu hiyo, kilichoitwa Queen's Bench. Palles aliachiwa cheo chake kwa muda atakaokaa, akawa Chief Baron wa mwisho, mkuu wa mahakama isiyokuwepo. Aliendelea kukaa mpaka 1916, mwaka ambao waasi wa Pasaka, waliopigania uhuru wa Ireland, waliyateka majengo ya mahakama za Dublin yaitwayo Four Courts, ndipo akastaafu akiwa na miaka 84. Alifariki tarehe 14 Februari 1920, miezi mitano kabla ya ile tarehe ya Tanganyika niliyokutajia.

Ukitaka kuandika juu yake, elewa kwanza kwamba nyaraka ni chache. Mwaka 1922, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, Four Courts ilipigwa mizinga na ofisi ya kumbukumbu za taifa iliyokuwa hapo ikateketea, pamoja na karatasi za mahakama za karne nyingi. Kilichonusurika ni ripoti za sheria zilizokwisha kuchapishwa na kusambaa. Bell iko kwenye ripoti za sheria za Ireland, juzuu la 26, ukurasa wa 428. O'Hanlon iko kwenye ripoti za mwaka 1906, juzuu la kwanza, ukurasa wa 247. Maktaba ya chuo chenu ikiwa haina, omba kupitia hifadhidata ya kisheria ambayo vyuo vingi vinalipia. Anza na Bell, pale anapoingia kueleza Byrne, kisha soma Dulieu siku hiyohiyo, Coultas iwe ya mwisho. Ukianza na Coultas utaona Privy Council ina hoja nzuri, maana inazo. Ukirudi kwake baada ya Palles, tafuta mahali inapodhani bila kuthibitisha kwamba neva si mwili, uandike insha yako kuanzia hapo.